Gia Iliyochelewa Kuitika

Katika mtaa wa Mulago mjini Kampala, upande wa chini unaoteremka kuelekea Kalerwe, anaishi mzee mmoja aliyestaafu kazi ya polisi akiwa na cheo cha sajini. Majirani humwita Afande hata leo, ingawa ni miaka mingi tangu aliporudisha sare zake bohari. Ukutani mwa sebule yake pana picha mbili: moja yake mwenyewe siku alipomaliza mafunzo, nyingine ya mwanawe aliyeingia jeshini. Na barazani, mahali ambapo jirani zake huegesha pikipiki, huegemezwa baiskeli nyeusi ya Raleigh, ndefu, yenye breki za vyuma vyembamba badala ya nyaya, na gia tatu zilizofichwa ndani ya gurudumu la nyuma.

Kufichwa huko ndiko kulikoleta mashaka yote yatakayosimuliwa hapa. Mtu aliyezoea baiskeli za siku hizi, ambazo magurudumu yake ya meno yamepangwa nje kama sahani kabatini, anaweza kuitazama baiskeli ya Afande na kuapa kwamba haina gia. Gia zake zimo ndani ya kitovu, yaani ile sehemu nene ya katikati ya gurudumu ambako spoki zote huanzia. Juu ya kitovu hicho pamechorwa herufi AW, kisha tarakimu 62 na 3. Maana yake ni kwamba kilitengenezwa mwezi wa Machi 1962 na kiwanda cha Sturmey-Archer cha Nottingham, Uingereza. Bendera ya Uganda ilipandishwa mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Kwa hiyo kitovu kimeitangulia bendera kwa miezi saba, na Afande hakosi kuwakumbusha wajukuu jambo hilo kila sikukuu ya Uhuru. Hospitali mpya ya Mulago, iliyo juu ya kilima mbele ya nyumba yake, nayo ilifunguliwa mwaka huo.

Aliinunua baiskeli hiyo mwaka 1970 kwa mwalimu aliyekuwa akihamia mashambani. Wakati ule alikuwa konstebo, ameoa karibuni, na makazi yake yalikuwa katika nyumba za polisi za Nsambya. Yeye ni mtu wa West Nile, mkewe ni mtu wa Teso. Lugha ya nyumba ikawa Kiswahili cha kambini, na imebaki hiyo hadi kwa wajukuu. Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake aliiweka katika baraza ya duka moja la Mhindi lililouza baiskeli na vipuri, na kwa kuwa mchana ni mrefu na wateja si wengi, alijifunza mengi kwa kumsikiliza fundi wa duka. Fundi huyo alimwambia kwamba kitovu cha gia tatu hakidai kitu ila matone machache ya mafuta mepesi ya mashine kila mwezi. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alipotangaza kwamba Waasia waondoke katika muda wa siku 90, duka lilifungwa. Fundi aliondoka na masanduku mawili. Kopo lake dogo la bati lenye mdomo mrefu, la kutilia mafuta, aliliacha juu ya cherehani ya yule mama.

Tangu hapo, kila tarehe mosi ya mwezi, mama alifungua kifuniko kidogo kilicho juu ya kitovu na kutia matone yake. Alifanya hivyo katika miaka ya magendo, wakati sukari na sabuni vilipokuwa vitu vya kutafutwa kwa foleni na baiskeli nyingi zilikufa kwa kukosa vipuri. Alifanya hivyo walipohamia Mulago baada ya mumewe kustaafu. Afande aliendesha tu. Hakupata kuuliza kwa nini gia haziharibiki. Wanaume wengi huishi hivyo katika nyumba zao, wakidhani kwamba vitu hudumu kwa wema wa vitu vyenyewe.

Mwezi wa Januari mwaka jana mama aliteleza uani penye maji ya kufulia, akavunjika mfupa wa paja. Akalazwa kule kilimani, mguu umefungiwa uzito ili mfupa ukae sawa, na ikajulikana kwamba hatatoka kwa wiki nyingi. Sasa mgonjwa aliyelazwa Kampala huwategemea jamaa zake kwa chakula. Mkaza mwana wake alipika nyumbani, matoke siku moja, posho na maharagwe siku nyingine. Na mjukuu wa kiume, kijana wa miaka 15, alipotoka shule alifunga vyombo kwenye keria ya baiskeli na kuvipeleka juu kabla ya giza kuingia. Baba wa kijana huyo alikuwa kazini Somalia, ambako jeshi la Uganda limekuwa na askari tangu Machi 2007.

Njia hiyo si ndefu, lakini inapanda, na inapanda vibaya. Hapo ndipo gia tatu zinapoonyesha faida yake. Gia ya pili huzungusha gurudumu sawasawa na mnyororo unavyolizungusha. Gia ya tatu huongeza mwendo kwa theluthi moja, nayo ni ya tambarare na mteremko. Gia ya kwanza hupunguza kwa robo moja, nayo ndiyo humpandisha mtu kilima cha Mulago akiwa na sufuria mgongoni mwa baiskeli bila kushuka na kusukuma. Kijana alizoea kupanda kwa gia ya kwanza, kisha akifika juu penye usawa huongeza hadi ya tatu, akasimama juu ya pedali na kukimbilia lango la hospitali.

Mnamo mwezi wa Aprili aliona jambo. Alipoongeza gia, baiskeli haikuitika mara moja. Mkono wa gia ulio kwenye usukani ulikuwa umekwisha kufika penye tarakimu ya 3, lakini chini kule gurudumu lilibaki katika mwendo wa zamani kwa mizunguko miwili, mitatu, hata mitano. Kisha ghafla husikika mlio wa chuma kugonga chuma, na gia huingia kwa kishindo. Siku za baridi ya asubuhi ilikuwa mbaya zaidi kuliko siku za jua. Akamwambia babu yake, na babu akampeleka kwa fundi wa kando ya barabara.

Fundi huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzoefu wa baiskeli za gia moja na pikipiki, na kitovu cha namna ile hakupata kukifungua. Alidhani waya umelegea, akaukaza. Siku ya pili gia ilichelewa zaidi. Akaukaza tena. Ilipochelewa mara ya tatu, alifuta mikono kwa kitambaa na kutoa hukumu: gia imekufa, vipuri vyake havipatikani tena, afadhali mzee aliondoe gurudumu zima na kutia la kawaida lenye friwili. Yeye mwenyewe alikuwa tayari kulinunua lile la zamani kwa bei ya chuma chakavu.

Jioni ya siku ya tatu tangu hukumu hiyo, kijana alipanda kilima kama desturi. Alipofika juu aliongeza gia, akasimama juu ya pedali kwa uzito wake wote, na pedali zikaanguka chini kana kwamba mnyororo umekatika. Kifua kikagonga usukani, baiskeli ikalala, na sufuria la maharagwe likamwagika barabarani mbele ya pikipiki zilizokuwa zikija. Mungu alisaidia. Alichubuka kidevu na kiganja. Mama alikula usiku sana siku hiyo, chakula cha kununua, na hakuambiwa sababu.

Usiku uleule simu ilipigwa kutoka Somalia. Mwana alisikiliza habari, akasema, “Baba, uza hiyo baiskeli kabla haijamuua mtoto. Nikirudi nitawanunulia pikipiki.” Maneno hayo yalikuwa ya haki, na Afande hakuwa na la kujibu. Asubuhi yake aliifuta vumbi, akaipeleka barazani, akamwambia mkaza mwana wake kwamba fundi akija aitwe. Lakini kwanza alikwenda na mjukuu hospitalini, kwani aliona si haki kuuza kitu ambacho mkewe alikilisha kwa zaidi ya miaka 50 bila kumwarifu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, macho yake yako juu ya kidevu cha mjukuu. Kisha akauliza:

“Baba, inachelewa wakati wa kuvuta au wakati wa kuachia?”

Afande akasema kwamba gia imekufa, fundi amekwisha sema.

“Sikuuliza la fundi. Nauliza mkono unaona nini. Ukipunguza gia, unavuta waya. Ukiongeza, unauachia. Wapi inachelewa?”

Mzee alinyamaza. Kwa miaka yote aliyoipanda baiskeli hiyo, hakujua kwamba kuna kuvuta na kuachia. Aliyejibu ni kijana. “Ni kuachia, Nyanya. Nikipunguza inaitika papo hapo. Nikiongeza ndipo inalala.”

“Basi haijafa,” akasema mama. “Ina makamasi. Kesho fungueni waya pale unapoungana na ule mkufu mdogo. Vuteni mkufu kwa vidole, muuachie, mtazame.”

Ili kufahamu kwa nini mama alikwenda moja kwa moja penye swali hilo, hapana budi kufahamu kidogo yaliyomo ndani. Ekseli ya gurudumu ina tundu katikati yake kama mtutu wa bunduki. Ndani ya tundu hilo hupita kijiti cha chuma. Kijiti kimeungana na mkufu mdogo unaotoka upande wa kulia, mkufu umeungana na waya, na waya unafika kwenye mkono wa gia. Mtu akivuta, kijiti husogeza kipande cha chuma chenye umbo la msalaba kiitwacho klachi. Klachi ikisimama mahali pamoja hushika pete kubwa yenye meno 60. Ikisimama pengine hushika magurudumu madogo manne yanayolizunguka lile la katikati, kama watoto wanavyozunguka mti. Kulingana na nini kimeshikwa, gurudumu hupata mwendo wa polepole, wa kati au wa haraka. Gia ni hizo tu. Jambo kubwa ni kwamba waya hauwezi kusukuma. Waya huvuta tu. Kinachoirudisha klachi mahali pake mtu anapoachia ni springi moja, nayo si nene sana.

Kwa hiyo mkono wa mtu una nguvu za kushinda uchafu, springi haina. Kama gia inapungua vizuri na kuongezeka kwa uvivu, kuna kitu kinachoizuia springi isirudi. Kitu hicho huwa katika waya au huwa ndani ya kitovu, na njia ya kujua ni kuvitenganisha viwili hivyo. Tena kati ya gia ya pili na ya tatu pana nafasi finyu ambamo klachi haishiki upande wowote. Klachi iendayo upesi huipita nafasi hiyo bila mtu kujua. Klachi inayotambaa huweza kusimama papo hapo, na mtu aliyesimama juu ya pedali huanguka kama alivyoanguka yule kijana.

Kesho yake, uani, babu na mjukuu walifungua waya. Kwanza walijaribu waya peke yake: kijana akausogeza mkono wa gia huku babu akishika mwisho wa waya kwa koleo. Ulikwenda na kurudi bila kukwama, ila palikuwa na kutu kidogo penye kona ya ala. Walitia tone la mafuta hapo, wakazungusha pia lile gurudumu dogo kama kapi linaloupitisha waya kwenye fremu, kwani nalo likikwama hufanya uvivu uleule. Kisha wakavuta mkufu. Ulitoka vizuri. Wakauachia, na ukarudi ndani polepole, kama konokono aliyeguswa pembe.

Hapa pana tahadhari ambayo wengi huipuuza. Hata kitovu kizima kinaweza kugoma kidogo gurudumu likiwa limesimama, kwa sababu meno ya klachi huweza kukutana ncha kwa ncha na meno mengine. Ndiyo sababu mtu anayejaribu hupaswa kuzungusha pedali nyuma kidogo na mbele kidogo kila anapovuta na kuachia. Walifanya hivyo mara kumi. Konokono alibaki konokono.

Afande akafungua kile kifuniko kidogo, akatia ncha ya spoki ya zamani na kuitoa. Iliyotoka nayo ilikuwa nta ya rangi ya asali, yenye kunata, na harufu yake haikuwa harufu ya mashine. Aliinusa mara mbili.

“Nani ametia kitu humu?”

Kijana aliinamisha kichwa. Alieleza kwamba tarehe mosi Februari alikumbuka kuwa ni siku ya Nyanya kutia mafuta, naye Nyanya hayupo. Alilitikisa kopo akaliona tupu. Hakutaka kumsumbua mtu, kwa maana nyumba nzima ilikuwa na wasiwasi. Akachukua mafuta ya kupikia jikoni, akatia. Alitia tena Machi, na tena Aprili. Aliona yanateleza vizuri kabisa.

Yanateleza, ndiyo, kwa siku za kwanza. Lakini mafuta ya kupikia yakikaa hewani na katika joto huganda kidogo kidogo, hata huwa kama gundi. Mwanamke yeyote aliyeacha kikaango bila kukiosha anajua. Mafuta ya madini, yale ya injini au ya cherehani, hayafanyi hivyo kwa urahisi. Na grisi nayo haifai ndani ya kitovu hiki, ingawa mafundi wengi huipenda. Kwa kuwa mna vijino vidogo vinavyoinuliwa na springi nyembamba kama unywele, na grisi nzito huvilaza visiinuke.

Mzee alikuwa amekwisha kufungua kinywa ili kukaripia. Zamani, alipokuwa kituo kimoja cha Karamoja ambako vumbi huingia hata ndani ya saa, alipata kumpa adhabu konstebo aliyeipaka bunduki yake mafuta mazito kwa kudhani wingi ni utunzaji. Mafuta yakashika mchanga, na siku ya ukaguzi komeo halikurudi. Alimpa zamu tatu za usiku mfululizo, na hakupata kujuta. Lakini sasa alimtazama mjukuu mwenye plasta kidevuni, akahesabu: Februari, Machi, Aprili. Katika nyumba hiyo yenye watu wazima watatu, mmoja amelazwa na wawili wazima, aliyeikumbuka tarehe mosi ni mmoja tu, naye ni huyu. Akafunga kinywa. Baadaye akasema, “Nenda kaniletee chupa ya mafuta ya taa. Na jiko la mkaa liondolewe uani kwanza.”

Kazi yenyewe haikuhitaji kukifungua kitovu, na hilo ndilo jambo ambalo wale wenye haraka ya spana wangefanya vema kulikumbuka. Waliugeuza mkufu taratibu kwa vidole mpaka ukatoka, wakauchunguza kama umepinda au una pingili iliyokakamaa, ulikuwa mzima. Wakaurudisha, wakaukaza kwa vidole mpaka mwisho, kisha wakaulegeza kwa nusu mzunguko ili pingili zake zielekee waya bila kujipinda. Wakatia vijiko viwili vya mafuta ya taa kwa tundu la juu. Kijana alizungusha pedali, babu akavuta na kuachia mkufu, kuvuta na kuachia, kama mtu anayekamua. Kisha wakailaza baiskeli ubavuni juu ya gazeti kuukuu, na maji ya rangi ya chai yakaanza kutoka pembeni mwa kitovu. Walifunika tairi na breki kwa matambara, kwani mafuta huoza mpira, na breki iliyopata mafuta katika mteremko wa Mulago ni hatari kuliko gia yoyote.

Walirudia mara nne jioni hiyo. Mara ya tatu mkufu ulianza kurudi kwa kasi. Waliacha mafuta ya taa yakae usiku kucha, asubuhi wakarudia tena mpaka yaliyotoka yakawa safi kama yaliyoingia. Kuna watu wanaoishia hapo, wakafurahi, na baada ya miezi miwili kitovu kikasagika. Kwa sababu mafuta ya taa husafisha lakini hayalindi chuma. Afande alitia vijiko viwili vidogo vya mafuta mapya ya injini, yale mepesi, akalijaza na lile kopo la bati kwa ajili ya miezi ijayo, akafunga kifuniko. Alivuta mkufu na kuuachia. Ulirudi kwa mlio mmoja mkavu, na kijana akacheka kwa sauti.

Ikabaki kurekebisha waya, uliokuwa umekazwa kupita kiasi na yule fundi. Kwenye chuma cha juu cha fremu kuna kibano kinachoshika mwisho wa ala. Kando yake palikuwa na alama ya rangi nyeusi ing'aayo, isiyopata jua kwa miaka mingi, ambayo ilionyesha wazi mahali kibano kilipokaa kabla hakijasogezwa. Wakakirudisha hapo. Kisha wakaweka mkono wa gia penye 2 na kuchungulia katika kitundu kilicho ubavuni mwa nati ya kulia ya ekseli. Ndani yake huonekana kijiti ambacho mkufu umeungwa nacho, na kijiti hicho kina bega. Katika gia ya pili bega hilo linapaswa kuwa sawasawa kabisa na mwisho wa ekseli, lisitokeze wala lisizame. Likitokeza, waya umekazwa mno na gia ya tatu itasumbua. Likizama, waya umelegea, na gia ya pili inaweza kuteleza kuingia katika ile nafasi isiyoshika. Marekebisho hufanywa kwa kuzungusha kikopo cha nyuzi kilicho mwisho wa waya, kisha kukaza nati yake ndogo ili kisijilegeze. Afande alivaa miwani, kijana akazungusha. Walibishana juu ya unene wa kucha moja. Kijana ndiye aliyekuwa na macho.

Kama baada ya haya yote gia ingeendelea kuteleza, hasa kwa kishindo wakati wa kukanyaga kwa nguvu, ingekuwa ishara kwamba pembe za klachi au vijino vimelika, au springi imechoka. Na hapo ndipo ingefaa kumtafuta fundi anayekijua kitovu na kukifungua juu ya meza safi. Hukumu ya kwamba vipuri havipatikani tena haikuwa kweli kamili. Aina hiyo ya AW ilianza kutengenezwa mwaka 1936 na ilitengenezwa kwa wingi sana. Kiwanda cha Nottingham kilifungwa mwaka 2000, lakini jina na mitambo vilinunuliwa na kampuni ya SunRace ya Taiwan, ambayo ingali ikitengeneza vitovu vya gia tatu. Na kuna baiskeli nyingi zilizolala katika vibanda vya Uganda na Kenya ambazo vitovu vyake vingeamka kwa chupa moja ya mafuta ya taa.

Jioni hiyo Afande alikataa kijana asipande kwanza. Alivaa viatu, akakunja suruali, akaipanda mwenyewe mpaka nusu ya kilima, mtu wa miaka 77, majirani wakimshangilia kutoka vibandani. Alipandisha gia, akashusha, akapandisha tena. Kisha akashuka na kuisukuma iliyobaki, kwa kuwa pumzi si gia. Fundi alipokuja kuuliza habari za lile gurudumu, alikaribishwa chai, akaonyeshwa kitundu cha nati ya kulia. Alichungulia kwa muda mrefu sana, akauliza maswali ya mtu anayetaka kujua, na tangu siku hiyo ameleta baiskeli mbili za wateja wake kutazamwa uani pale. Mwana aliyeko Somalia aliambiwa pikipiki isubiri kidogo.

Mwisho wa Mei mama alirudi nyumbani kwa magongo mawili. Siku ya pili asubuhi alitolewa kiti barazani ili apate jua. Kijana alikuwa ametumwa Kalerwe kununua nyanya na vitunguu, na baada ya muda baiskeli ikasikika kwa mbali ikija. Kitovu cha namna hiyo huongea: katika gia ya tatu hulia tiki-tiki-tiki kwa haraka, katika ya pili hulia polepole, na katika ya kwanza hunyamaza kabisa.

Mama aliinua kidole kumtaka mumewe akae kimya. “Ya tatu,” akasema. Baiskeli ilianza kupanda. “Ya pili.” Kisha sauti ikakatika, ikabaki ya tairi juu ya changarawe tu, na kijana akatokeza penye kona, anakanyaga taratibu, mfuko wa nyanya unaning'inia usukanini.

“Leo tarehe ngapi?” mama akauliza, kabla hajashuka.

“Tarehe mosi, Nyanya,” akajibu kijana. Na akaegemeza baiskeli, akaenda ndani kuleta kopo.